Priampu ya bei poa kwa studio ya chumbani: usiuze mahindi kabla hujasoma hapa

Huku juu Ufipa asubuhi za Juni na Julai vidole vinaganda na bado kuna mtu yuko chumbani anarekodi kiitikio.

Leo ishu ni moja tu, priampu. Kwa wale mnaosoma mkiwa cafe na dakika zinahesabiwa, jibu fupi hili hapa, chukua uondoke nalo. Kama unarekodi chumbani, usinunue priampu ya pekee yake. Nunua saundi kadi ya nje ya USB yenye tundu la XLR na volti 48, kwa sababu priampu iko ndani yake tayari. Hela inayobaki ipeleke kwenye maiki, waya na mablanketi. Wenye muda tubaki tuelewane kwa nini, maana hapo katikati ndipo watu wanapopigwa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kuna mshikaji wangu anakaa Chanji, anarekodi injili na bongo fleva kwa zamu, inategemea nani kamlipa wiki hiyo. Baada ya mavuno nyumbani walimpa magunia kadhaa ya mahindi auze, ndiyo mtaji wake wa kuanzia maisha, hakuna mwingine unakuja. Akaja kunionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa priampu ya valvu, ile yenye kitaa cha kioo ndani kinachowaka rangi ya chungwa, inauzwa na jamaa mmoja wa Dar aliyekutana naye mtandaoni. Jamaa kamwambia: "Sauti yako ina ssss kwa sababu huna priampu ya maana. Ukichelewa mpaka Ijumaa mzigo unachukuliwa na mtu wa Mbeya."

Nikamwambia, kaka, hayo ni mahindi ya mama yako, tulia kwanza tuipime hiyo ssss inatoka wapi.

TUANZE NA KAZI YAKE

Wazee wetu wanasema jina la mji huu kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi. Basi na kwenye vifaa vya studio tufanye hivyohivyo, kwa sababu priampu imezungukwa na maneno mengi ya kichawi, mara "inapasha joto sauti", mara "inatoa sauti ya Marekani". Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, na nawahakikishia fizikia ya kidato cha nne inatosha kabisa kuelewa hii kitu.

Maiki yoyote, ya bei mbaya au ya bei poa, inatoa umeme mdogo sana. Chukua Shure SM58, ile yenye kichwa cha duara cha wavu, iko sokoni tangu 1966 na karibu kila jukwaa umeiona. Ukiipigia sauti ya desibeli 94, ambacho ndicho kiwango wanachopimia maiki, inatoa kama milivolti 1.85. Milivolti, sio volti. Vifaa vya studio vinavyofuata vinataka kitu cha karibu volti 1.2. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu katikati kinachokuza huo umeme mara 660 hivi, bila kuuharibu na bila kuongeza kelele yake mwenyewe. Hicho kitu ndiyo priampu. Hana kazi nyingine huyo.

Kukuza huko wanaita geini na wanakuhesabu kwa desibeli. Shika namba tatu tu: desibeli 20 ni mara 10, desibeli 40 ni mara 100, desibeli 60 ni mara 1,000. Hiyo mara 660 ya SM58 inakuwa kama desibeli 56.

Sasa kumbukeni maiki ziko za aina mbili kubwa. SM58 ni ya koili. Ndani kuna koili ndogo imegandishwa kwenye utando, utando ukitikisika koili inacheza ndani ya sumaku, umeme unazaliwa. Ni ile mada ya sumakuumeme mliyolala nayo kidato cha nne. Maiki za koili ni ngumu, zinavumilia kudondoka, lakini umeme wake ni kiduchu. Aina ya pili ni kondensa. Hiyo ni kapasita, bamba mbili, moja inacheza kwa sauti, na ndani yake kuna elektroniki kidogo. Inatoa umeme mwingi zaidi. Mfano Audio-Technica AT2020, sauti ileile ya desibeli 94 inatoa milivolti 14 hivi. Hiyo unahitaji kuikuza mara 87 tu, yaani desibeli 39.

Unaona tofauti? Kabla hujauliza "priampu gani nzuri" unatakiwa ujue una maiki gani. Mwenye kondensa anahitaji geini ya desibeli 40, karibu kila kifaa kinaiweza. Mwenye koili anahitaji 55 mpaka 60, na hapo ndipo vifaa dhaifu vinaumbuka.

Kuna maiki moja vijana wanaipenda kwa sababu wanaiona mbele ya kila mtangazaji wa YouTube, Shure SM7B. Ndugu yake mkubwa SM7 ndiyo Bruce Swedien aliitumia kurekodi sauti ya Michael Jackson kwenye Thriller, 1982. Ni maiki safi, sibishi. Ila inatoa milivolti 1.12 tu, ambayo unatakiwa kuikuza mara 1,100 hivi, desibeli 61. Ukiichomeka kwenye saundi kadi ya bei ya chini utazungusha nobu mpaka mwisho na bado inanong'ona. Ndiyo maana wenzetu wananunua na kile kiboksi cha Cloudlifter kinachoongeza desibeli mpaka 25. Sasa maiki ghali, juu yake kiboksi, juu yake saundi kadi, ukipiga hesabu umeshamaliza shamba. Kwa kipato chetu hiyo iache kwa sasa.

HIZI VOLTI 48 ZILITOKA WAPI

Kondensa haifanyi kazi bila umeme wake. Umeme huo, volti 48, unatoka kwenye priampu na kupanda kwenye waya uleule wa maiki mpaka kwenye maiki, huku sauti inashuka kwenye nyaya hizohizo. Wanauita fantomu, yaani mzuka, kwa sababu upo na hauonekani.

Stori yake naipenda. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa inatengenezea maiki redio ya taifa ya Norway. Kule majira ya baridi giza ni la kutosha, na studio zao zilikuwa na mfumo wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Wahandisi wakasema kama volti 48 zipo tayari ukutani, tutumie hizohizo. Mpaka leo, miaka 60 baadaye, kijana wa Namanyere anabonyeza kitufe kilichoandikwa 48V kwa sababu ya taa za Norway.

Kwa nini nawachosha na stori? Kwa sababu hapa kuna mtego. Zile kondensa za bei rahisi sana za Kichina zinazoitwa BM-800 mara nyingi zinakuja na waya ambao upande mmoja ni XLR na upande wa pili ni jeki ndogo kama ya hedifoni. Muuzaji anakwambia chomeka kwenye laptopu, utarekodi. Laptopu kwenye tundu lile inatoa volti chache tu. Maiki inapata njaa, sauti inatoka ndogo, unaongeza geini ndani ya programu, ssss inapanda mpaka dari. Halafu unaambiwa tatizo ni priampu! Maiki ileile ukiichomeka kwa waya kamili wa XLR kwenye tundu lenye volti 48 inabadilika kabisa. Haitakuwa Neumann, ila utashangaa.

Na zile saundi kadi zenye vitufe vya makofi, vicheko na honi, zimejaa madukani, ni za kufanyia laivu za simu. Sizisemi vibaya, mtu wa laivu zinamfaa. Ukitaka kurekodi wimbo, ziache.

SSSS INATOKA WAPI

Hapa ndipo penye nyama ya leo, nendeni nami polepole.

Kila rizista, kila waya, kila koili ina kelele yake ya asili kwa sababu ya joto tu. Elektroni haziwezi kutulia. Kwa chanzo cha omu 150, ambacho ni kama maiki ya kawaida, kelele hiyo ni hasi 131 kwa kipimo wanachokiita dBu. Huwezi kushuka chini ya hapo hata ukinunua priampu ya bei ya nyumba, ni sheria ya maumbile. Sasa priampu za kisasa ndani ya saundi kadi za kawaida nyingi zinasoma kati ya hasi 125 na hasi 129. Yaani zimeshakaribia ukuta. Miaka ya nyuma haikuwa hivi, priampu nzuri ilikuwa kitu cha matajiri. Hiyo stori ya zamani ndiyo bado inauzwa leo kwa watu wa Chanji.

Tuigeuze iwe lugha ya chumba. Chukua priampu ya hasi 125, sio kali sana wala mbovu. Ukiiunganisha na kondensa kama AT2020, kelele ya priampu ni sawa na chumba chenye sauti ya desibeli 4. Hakuna chumba cha hivyo Rukwa nzima. Maiki yenyewe ina kelele yake ya desibeli 20. Chumba cha kulala usiku, watu wamelala, hakuna pikipiki, ni desibeli 30 na kitu. Kwa hiyo priampu iko chini ya maiki, na maiki iko chini ya chumba. Ukinunua priampu bora zaidi umepunguza kitu ambacho tayari hukisikii.

Na SM58 je? Priampu hiyohiyo inakuwa kama desibeli 21. Bado iko chini ya chumba. Ila hapa naomba niwe mkweli kwenu, ukiwa na maiki ya koili na priampu dhaifu, tuseme ya hasi 115, kelele inapanda kama ya desibeli 31, inakutana na chumba uso kwa uso. Hapo utaisikia, hasa ukirekodi gitaa la kuchezea taratibu au mtu anayeimba kwa kunong'ona. Hiyo ndiyo kesi ambayo priampu ina kesi ya kujibu kweli.

Kipimo chenyewe kinafanyika na mtu yeyote, na ndicho tulichokifanya kwa mshikaji. Nenda kwa fundi redio, mwombe rizista ya omu 150 na plagi ya XLR dume. Aunganishe rizista kati ya mguu wa 2 na wa 3, basi. Zima volti 48. Rekodi sekunde 30 za kimya ukiwa na maiki yako, geini pale unapoimbia siku zote, usiiguse tena. Halafu chomoa maiki, chomeka ile plagi ya rizista, rekodi tena sekunde 30. Sasa priampu inasikiliza rizista tu, chumba hakimo. Kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, soma kiwango cha kila kipande. (Mita yake kawaida inaishia hasi 60, kaipanue kwenye mipangilio.)

Kwa mshikaji, saa nane mchana, maiki ikiwa imewashwa na hakuna anayeongea, ilisoma hasi 55. Saa nne usiku ikasoma hasi 66. Na rizista? Hasi 90. Yaani kati ya kelele ya chumba chake mchana na kelele ya priampu yake kuna desibeli 35, mara 56. Na priampu yenyewe ni ile iliyomo ndani ya kisaundi kadi cha mtumba alichonacho miaka miwili. Ssss aliyokuwa anaambiwa ni ya priampu ilikuwa upepo kwenye matundu ya bati, feni ya laptopu na redio ya jirani.

Ijumaa ikapita. Mzigo wa Dar ukaenda kwa huyo mtu wa Mbeya, kama kweli yupo.

BATI, UMEME NA MABLANKETI

Nasema hivi, adui wa studio ya Ufipa ni bati. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikishuka juu ya nyumba isiyo na dari hata kuongea hamsikilizani, achilia mbali kurekodi. Kiangazi nako sio salama. Huku mchana jua kali, jioni baridi inaingia ghafla, bati linasinyaa na kulia tik, tak, kwenye kila mstari wa ubeti. Mimi naona muda mzuri ni kuanzia saa tatu usiku, bati limeshatulia. Mwenye uwezo wa kuweka dari aweke dari kabla ya kufikiria kifaa chochote kile.

Halafu mwangwi. Chumba kitupu cha sementi kinarudisha sauti, wimbo unasikika umeimbiwa ndani ya pipa. Dawa tunayo, ni mablanketi yetu mazito ya baridi. Watu wengi wananing'iniza blanketi nyuma ya maiki. Hapana. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia mbele na kuziba nyuma. Mbele yake kuna nani? Wewe. Na nyuma yako kuna nini? Ukuta. Kwa hiyo blanketi la kwanza liwe nyuma ya mgongo wa mwimbaji, na lisigandamane na ukuta, liache nafasi ya kiganja au zaidi. La pili na la tatu pembeni. Godoro likisimamishwa kwenye kona linasaidia. Nimerekodi stoo yenye magunia yaliyopangwa mpaka juu na ilikuwa kavu kuliko studio moja ya kulipia niliyowahi kuingia.

Umeme sasa. Kwa miaka mingi mkoa wetu uliletewa umeme kutoka Zambia kwa sababu gridi ya Taifa haikuwa imefika, na kukatikiwa sisi ni wazoefu. Ila kwa kurekodi, tatizo kubwa kuliko kukatika ni mvumo, ule wa mmm wa chini chini. Huo ni umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, unaingia kupitia chaja ya laptopu au waya mbovu. Jaribu hivi: chomoa chaja, rekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unakufa hapohapo. Wenye sola, kule Laela, Matai na vijijini, kuweni macho na inveta za bei rahisi. Zinatoa umeme wa ngazingazi badala ya wimbi laini, na chaja inaupeleka mpaka kwenye wimbo kama nyuki. Jaza betri ya laptopu mchana kwa jua, usiku zima inveta, rekodi kimya kabisa. Mtu wa mjini hana hiyo raha.

Waya nao. Waya kamili wa XLR, pande zote mbili XLR, unabeba sauti mara mbili, mguu wa 2 na wa 3, moja imegeuzwa. Kelele ikiingia njiani inaingia sawa kwenye zote mbili, na priampu ikitoa moja kwenye nyingine kelele inajifuta. Ndiyo maana ule waya wa jeki ndogo ni hasara mara mbili, unapoteza volti 48 na unapoteza na hii kinga.

HAYA, UNUNUE NINI

Bei sikuandikii, inapanda na kushuka na dola, ukisoma mwezi ujao nitaonekana muongo. Nakupa mpangilio kutoka chini kwenda juu, kalinganishe maduka matatu.

Chini kabisa kuna Behringer UM2. Ina tundu moja la maiki na volti 48. Kwa kondensa inatosha, watu wametoa nyimbo nayo. Kwa SM58 utazungusha nobu karibu na mwisho na ssss itaanza kujitokeza. UMC22 ya kampuni hiyohiyo ina priampu bora kidogo, ikipatikana kwa tofauti ndogo ichukue hiyo. M-Audio M-Track Solo iko kwenye mstari huohuo.

Ngazi ya kati mimi naipenda Behringer UMC202HD. Priampu mbili, biti 24. Mbili zina maana sana kwa huku kwetu ambako kwaya ni nyingi kuliko wasanii. Kwaya ya parokia ukiwawekea kondensa mbili mbele, kwenye kanisa kimya, wamesimama nusu duara, soprano hawapigi kelele masikioni mwa besi, unapata rekodi ya kuuza. Sio kila mtu lazima awe na maiki yake. Bendi za dansi za miaka ya 1970 tunazozisikia mpaka leo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam zikipiga pamoja kwa mpigo mmoja, na bado zinaimbika. Walijipanga kwa umbali, mwenye sauti kubwa anasogea nyuma.

Juu zaidi kuna Focusrite Scarlett. Angalieni hapa, kizazi cha nne kilichotoka 2023, Solo ina geini ya desibeli 57 na 2i2 ina desibeli 69. Mwenye maiki ya koili anayejua ataendelea nayo, hiyo 2i2 inambeba hata SM7B bila kiboksi cha pembeni. Ila kama una kondensa, hizo desibeli 69 utazitazama tu.

Priampu ya pekee yake ninunue lini basi? Ukiwa na saundi kadi nzuri yenye matundu yasiyotosha, unataka kurekodi ngoma na watu sita kwa pamoja. Au umeshatoa nyimbo, chumba kimetulia, na unataka ladha ya valvu kwa makusudi. Maana valvu inachokifanya ni kuipinda sauti kidogo, na kuna upindaji mtamu. Ni chumvi, na chumvi huweki kabla ya kupika ugali.

Kuhusu maiki za bandia. SM58 feki zimejaa Afrika nzima. Ya kweli ina uzito wa gramu 298. Ipeleke duka la jirani kwenye mizani ya sukari, ikisoma gramu 220 rudisha kabla muuzaji hajapanda basi. Uzito peke yake hautoshi kuithibitisha, kuna feki zenye kilo, lakini ikiwa nyepesi hiyo kesi imeisha. Na usitume hela kwa picha. Una ndugu Dar, una mtoto wa shangazi Mbeya, mtu aende dukani, achomeke, aimbe, akutumie faili lenyewe la rekodi, sio video ya WhatsApp. Ndipo mzigo upande basi la Tunduma.

Kabla sijasahau, kuna priampu ya bure ambayo hakuna duka linaiuza. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki unapata desibeli 6. Kutoka sentimita 40 kwenda 20 ni desibeli 6, kutoka 20 kwenda 10 ni nyingine 6. Desibeli 12, yaani sauti mara 4, na chumba hakijaongezeka hata kidogo. Nawaona wengi mnasimama mbali kama mnaogopa maiki inang'ata. Sogea upana wa shibiri moja, weka soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya katikati ili "p" na "b" zisipulize, halafu imba. Ukiwa karibu sana na maiki besi inaongezeka, wengine inawapendeza, wengine wanatoka kama wako kisimani, kwa hiyo jaribu kwanza.

Na geini msiijaze. Biti 24 zina nafasi kubwa, ukiimba pale unapopaza zaidi mita iguse hasi 12, inatosha. Utaongeza baadaye kwenye programu. Ikishagusa sifuri imepasuka, na sauti iliyopasuka hakuna fundi wa kuishona, hata awe produsa wa Dar.

Mshikaji wa Chanji alinunua waya wa XLR wa mita tatu, stendi, na mbao za kutengenezea fremu za mablanketi kwa fundi seremala pale mtaani. Ilikula hela ya magunia mawili. Mengine bado yako stoo kwa mama yake, anasubiri bei ipande.

Mwenye saundi kadi ambayo sijaitaja, fanya kile kipimo cha rizista utupie namba zako hapo chini, ya maiki na ya rizista, na useme maiki gani na chumba gani. Zikifika za kutosha nitazipanga zote pamoja.